Eda ya Tarehe Mbili

Ijumaa, 9 Novemba 2012

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, na leo hiyo hiyo mume wangu amepanda ndege Cape Town kwenda kusikokaliwa na watu. Miaka mingine mvua ikianza naandika tarehe nyuma ya kalenda kwa ajili ya biashara yangu ya mchele, maana barabara ya Kamsamba ikishalowa mzigo haupandi. Mwaka huu nimenunua daftari. Nina maneno mengi na aliyekuwa akiyasikiliza hayupo.

Masudi ni fundi wa injini za malori. Magari yanayolala foleni hapa Tunduma kungoja kuvuka Nakonde, sijui ni lipi ambalo hajawahi kulala chini yake. Mwaka juzi alikwenda gereji moja Afrika Kusini, na huko akachukuliwa na kampuni inayopeleka matajiri Ncha ya Kusini ya dunia. Jina la kampuni silitaki humu ndani. Safari hii kuna bwana mkubwa anayetaka kuvuka barafu yote kwa miguu, apigwe picha, aandikwe magazetini.

Nikamuuliza Masudi kwenye simu, "Kama anakwenda kwa miguu, fundi wa magari wa nini?"

Akacheka. Jibu hakunipa mpaka simu ikakatika.

Mama yake, Bi Pili, tunayeishi naye nyumba moja, ameshatangaza soko zima. Nasikia mpaka wabadilisha fedha pale mpakani wanajua kwamba mtoto wa Bi Pili anakwenda mwisho wa dunia.

Jumanne, 13 Novemba

Hakuna simu. Mvua imekatika, vumbi limerudi.

Jumamosi, 17 Novemba

Amepiga! Wana simu ya setilaiti, sauti inafika imechelewa, nikiongea naye tunagongana maneno. Anasema jua halizami. Linazunguka tu juu ya kichwa, asubuhi na usiku ni kitu kimoja. Nikamwambia asinidanganye, mimi si mtoto. Akaapa.

"Sasa unasali vipi?"

"Kama alivyonielekeza Ustadh."

Kumbe kabla ya kuondoka alikuwa amempigia Ustadh Abdulrahim, imamu wetu, akaambiwa kule kusiko na usiku afuate saa za nyumbani. Kwa hiyo ameitegesha saa yake ya mkononi ilie kwa saa za Tunduma, swala zote tano. Ikilia Maghribi huku giza linaingia, na yeye anatandika mswala juani.

"Tukisali, tunasali pamoja," akaniambia. "Wewe huko, mimi huku."

Nimelia kidogo. Halafu nikamuuliza kuhusu mguu wake wa kushoto, ule uliovunjika utotoni, ambao hata baridi yetu ya Juni unailalamikia. Akasema mguu mzima. Hilo sikuliamini.

Jumanne, 27 Novemba

Leo nimepata jibu la swali langu la kwanza. Bwana mkubwa anatembea kamera ikiwashwa. Ikizimwa anapanda gari, gari lile la minyororo kama katapila, anakunywa chai. Wakifika mbele anashuka, anajimwagia barafu kwenye ndevu, kamera inawashwa tena. Masudi alisimulia huku anacheka, lakini mimi namjua anavyocheka akiwa ameudhika.

Nikamsimulia Bi Pili pale pale. Nilidhani tutacheka wote. Akanikunjia uso.

"Sabra, wewe unataka mwanangu awe mwongo?"

"Si yeye, mama. Hao waliompeleka."

"Kama hao ni waongo na yeye yuko nao, watu watamwitaje?" Akanyanyua ndoo yake. "Una roho ya kutoamini wewe. Hata mchele wa watu unautafuna mbichi kabla hujanunua."

Ni kweli nautafuna. Ndiyo maana sijawahi kuuziwa mchele wenye unyevu.

Jumatano, 5 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Lori la shaba limetitia mbele ya nyumba ya Fides, jirani yangu. Madereva wanamuulizia Masudi.

Jumanne, 11 Desemba

Simu fupi. Wamechelewa. Bwana mkubwa alitangaza kwamba ataufungua mwaka mpya akiwa Nchani, na sasa anataka wakate njia ya mkato kwenye uwanda wenye mipasuko. Masudi anasema barafu huko inapasuka kwa chini, nyufa za kumeza nyumba, halafu theluji inatanda juu hivyo huoni kitu. Inatakiwa watu watangulie kwa miguu wakichoma theluji kwa fito kupima kabla gari halijapita. Wakubwa wanasema kupima kwa fito kunapoteza muda.

"Na wewe umesemaje?"

"Nimesema mimi gari silipitishi mahali pasipopimwa."

"Wakakujibuje?"

"Wamesema kesho tutazungumza."

Fides alikuwa hapa akichambua mchele na mimi. Ni Mnamwanga, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, hana maneno mengi. Nilipokata simu akanambia, "Dada Sabra, mwambie arudi." Nikamuuliza atarudi na nini, atasimamisha basi gani huko.

Jumanne, 18 Desemba

Amepiga. Tumegombana. Nilimwambia aache kazi, akae hemani mpaka ndege ije, wasimguse. Akasema siyo rahisi hivyo. Nikamwambia basi ni kwamba anapenda sifa kama mama yake. Nilisema hivyo, ndiyo.

Kisha akasema, "Jumamosi Raudha anaolewa. Nichezee na sehemu yangu."

Raudha ni mdogo wake wa mwisho. Nimemwahidi.

Ijumaa, 21 Desemba

Hina mpaka viwikoni. Siwezi kushika kalamu vizuri.

Jumapili, 23 Desemba

Harusi imepita, na ilipendeza. Mvua ilitusitiri mpaka jioni. Nilivaa lile gauni la kijani aliloniletea Masudi, nikajifukiza udi, nikapaka wanja, nikacheza mpaka wageni wa bwana harusi kutoka Vwawa wakauliza huyu ni nani. Nilicheza na sehemu yake, kama alivyotaka. Bi Pili naye aliingia uwanjani! Mama wa miaka sitini na ushee, kiuno kinazunguka kama cha msichana, akipiga vigelegele na kuita, "Mwanangu yuko mwisho wa dunia, namchezea huku!" Tulishikana mikono tukacheza sisi wawili. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka na yule mama namna ile.

Maghribi ilitukuta bado na jasho. Nikasali haraka haraka, nikasema moyoni, leo tumechelewa wote, mume wangu, nisamehe.

Ijumaa, 28 Desemba

Masudi hajapiga. Nimeipigia kampuni, dada mmoja wa Kiingereza akanijibu kwa upole mwingi kwamba mtambo wa simu umeganda kwa baridi, na kila mtu yuko salama. Nikamuuliza kama umeganda, yeye amejuaje kwamba wako salama? Akanitakia mwaka mwema.

Jumatano, 2 Januari 2013

Al-hamdulillahi. Wamefika!

Raudha na mumewe walikuja wanakimbia na simu mkononi. Kampuni imeweka picha kwenye mtandao. Bwana mkubwa katikati na bendera, wenzake pembeni, wote wamefunika nyuso kwa vitambaa na miwani mikubwa, huwezi kuona hata pua. Lakini wa mwisho kulia ana koti jekundu, na kifuani limeandikwa MASUDI. Nimeibusu ile simu mbele ya watu. Mimi, ambaye tangu Novemba nasema hawa ni waongo, nimebusu kioo cha simu.

Bi Pili aliletewa miwani yake. Akaiangalia picha muda mrefu. Raudha akamuuliza, "Mama, si kaka huyo?"

"Ni yeye," akasema. Akarudisha simu. "Kichwa kinaniuma, nakwenda kulala."

Nilishangaa. Nilidhani atalizunguka soko lote na habari hiyo. Labda uzee, labda furaha ikizidi inachosha.

Jumamosi, 5 Januari

Nimeisafisha picha kwenye karatasi kubwa, nikaitia fremu, nikaitundika sebuleni. Bi Pili amehamisha kiti chake. Anasema pale alipokuwa anakaa panavuja.

Jumatatu, 14 Januari

Mvua. Hakuna simu. Mtambo, wanasema.

Jumamosi, 26 Januari

Nitaandika tu kama ilivyokuwa.

Jumatano mchana nilikuwa sokoni napima mchele. Simu ikaita, namba ndefu. Mwanaume, anatafsiriwa na mwanamke wa Kiswahili cha Kenya. Akasema wanasikitika. Akasema tarehe ishirini Januari, wakati wa kurudi kutoka Nchani baada ya ushindi mkubwa, Masudi alipatwa na ajali, gari lake limezama kwenye mpasuko. Mwili hauwezi kutolewa. Akasema alikufa shujaa, alikuwa ameshafika. Neno hilo, ameshafika, alilirudia mara nyingi.

Nilimaliza kumpimia yule mteja. Sijui kwa nini. Nikamfungia mfuko wake, nikamwambia ahsante karibu tena, kisha nikakaa chini kwenye matope.

Hakuna maiti. Hakuna kuosha, hakuna sanda, hakuna kaburi la kwenda kulisafisha. Jana baada ya Ijumaa msikiti mzima umemsalia swala ya ghaibu. Wanaume walipanga safu, na mbele yao palikuwa sakafu tupu.

Nimeingia eda. Ustadh alikuja mlangoni akamuuliza Bi Pili, "Alifariki tarehe ngapi, ili tumhesabie mke wake?"

"Ishirini," akasema Bi Pili.

Basi nitakaa ndani miezi minne na siku kumi kwa miezi ya mwandamo, mpaka ishirini na nane Mei. Sitajipamba, sitajitia manukato. Fides ananiuzia mchele wangu pamoja na karanga zake.

Jumanne, 5 Februari

Kila adhana ya Maghribi naangalia ukutani kwenye lile koti jekundu. Aliwahi kufika, naambiwa na kila anayekuja. Neno hilo limekuwa kama uji wa mgonjwa, namezeshwa.

Alhamisi, 14 Februari

Mvua. Bi Pili ameniosha nywele.

Jumamosi, 9 Machi

Leo ndiyo leo.

Bi Pili amekwenda Vwawa kwa Raudha tangu juzi. Mchana Fides alikuja akaniambia kuna kijana amevuka kutoka Nakonde, anaomba kunipa pole. Nikakaa nyuma ya pazia, Fides akakaa katikati, kijana akakaa karibu na mlango. Jina lake Jonasi. Alikuwa mpishi wa msafara.

"Mukwai, mama, poleni," akasema kwa neno lao la heshima, akapiga makofi kama wanavyofanya watu wa upande ule. Nikasikia pumzi zake.

Akasema, "Yule kwenye picha ni mimi."

Sikuelewa. Akarudia. "Hiyo hapo ukutani, mama. Yule mwenye koti ni mimi. Walinivalisha."

Nitayaandika aliyosema, maana hakuna mwingine atakayeyaandika. Jumatano, tarehe kumi na tisa Desemba, asubuhi, kiongozi wa msafara aliamuru magari yapite. Masudi alikataa. Wakabishana. Kiongozi akasema basi atapitisha mwingine, na aliyekuwa na zamu ya usukani kwenye gari la pili alikuwa Jonasi, mpishi, ambaye alijifunzia kuendesha huko huko barafuni. Masudi akamshusha. Akamwambia, "Wewe hujui kusikia gari linapoanza kulegea chini." Akapanda mwenyewe. Alikuwa na ovaroli lake nene la kazi. Koti lake rasmi alilivua, na saa aliivua akaitia mfukoni mwa koti, kwa sababu hajawahi kushika gari bovu akiwa na saa mkononi, na hilo gari lilikuwa halijatengemaa.

"Halikwenda hata mbali," Jonasi akasema. "Theluji iliingia ndani kama kifuniko cha chungu. Tulilala kifudifudi pembeni tukimwita. Aliitika mara moja tu."

"Alisema nini?" akauliza Fides.

"Alisema, Jonasi, msikaribie."

Wakubwa wakakaa kikao hemani. Wakisema mtu amekufa, safari itazuiwa, wote watarudishwa. Wakazima simu. Wakaenda mpaka Nchani. Kwenye picha ilitakiwa idadi itimie, na mpishi hakuwa wa kupigwa picha, basi wakamvalisha Jonasi koti la Masudi.

"Nikasimama. Nilikuwa naogopa, mama. Nikasimama kama walivyoniambia. Na pale pale, wakati wanapiga picha, saa ikalia mfukoni. Ilikuwa Maghribi yenu. Kila mara ilipokuwa ikilia yeye anaacha kazi. Mimi nikaendelea kusimama."

Akalia. Fides akalia. Mimi nilikuwa natazama hina yangu, kwenye kucha ilikuwa imebaki alama ya mwezi mwekundu, kucha bado hazijakua zikaimaliza. Nilipakwa Ijumaa. Alikufa Jumatano. Nilikuwa tayari mjane na nikapakwa hina, nikajifukiza udi, nikacheza na sehemu yake. Maghribi zile zote nilizosema tunasali pamoja.

Nilitaka kumchukia huyu Jonasi. Nilijaribu kweli. Lakini kile kiti cha usukani kilikuwa chake, na mume wangu alimshusha, na mtu aliyeshushwa na Masudi mimi nimpandishe wapi?

Nikamwambia, "Nenda nyumbani, mdogo wangu. Ahsante kwa kuja."

Akampa Fides kitambaa kimefungwa. Ndani kulikuwa na saa.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemtuma Fides kwa Ustadh. Jibu limerudi wazi: eda inafuata siku ya kifo, si siku ya habari. Kama ni Desemba kumi na tisa, inaisha ishirini na sita Aprili. Mwezi mmoja na siku zake nimeishi bila kujua, nikiwa nimejipamba. Nilidhani kampuni iliniibia mume tu.

Lakini nikitoka Aprili, watu watauliza. Nitasema nini mbele ya Bi Pili? Kwamba mwanao hakufika? Kwamba siku uliyozungusha kiuno na kumwita kwa vigelegele alikuwa chini ya barafu siku ya nne? Yule mama kabakiwa na picha na neno moja. Nikimnyang'anya hivyo vyote atabaki na nini? Na nikikaa mpaka Mei, nitakuwa namlilia mume wangu kwa tarehe ya waliomuua.

Jumatano, 20 Machi

Saa nimeifungia kwenye kanga, chini kabisa ya sanduku. Leo imelia, nimesahau kuizima. Bi Pili alikuwa amekaa juu ya sanduku hilo hilo akishona. Sindano ikasimama. Kisha akainuka, akaenda kuchukua udhu.

Jumapili, 7 Aprili

Mvua zinapungua. Barabara ya Kamsamba itakauka. Sijaamua.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimeamua nitakaa mpaka Mei. Mungu anajua nia. Bora mimi nibebe uongo kuliko mama abebe ukweli.

Ijumaa, 26 Aprili

Asubuhi, kabla sijanyanyuka mkekani, Bi Pili aliingia na ndoo ya maji ya moto. Alikuwa ameyatia majani ya mkunazi. Mkono wa pili ameshika lile gauni la kijani, na kichupa cha wanja.

"Amka uoge. Eda yako imeisha leo."

Nikasema, "Mama, bado. Ni Mei ishirini na nane."

"Hiyo ni ya kampuni."

Nikakaa. Nilitafuta uongo wa kumwambia, mimi ambaye nawajua waongo wote, nikakosa hata mmoja.

"Fides amekwambia?"

"Nilimuuliza tarehe tu, juzi. Mengine nilikuwa nayo." Akaweka ndoo chini, akakaa kando yangu, magoti yake yakalia. "Sabra, mguu wa Masudi ulivunjika ana miaka saba. Muunga mifupa alinishikisha mimi mguu wenyewe. Tangu siku hiyo mwanangu akisimama anaulegeza ule wa kushoto, anaegemea kulia. Hata kwenye picha ya harusi yenu. Yule kwenye koti amesimama na miguu yote miwili kama askari. Nilivaa miwani, nikaangalia miguu. Wewe uliangalia nini?"

"Jina," nikasema.

"Mh."

"Mama, ulisema ni yeye."

"Nilisema." Akakiweka chini kichupa cha wanja. "Nilisema ili awe yeye. Nilijua kama si yeye, basi nilicheza mwanangu akiwa ameshakufa. Ukaenda ukaitia fremu, nikasema mwache binti wa watu, ana furaha. Kila siku nimekaa nimeipa mgongo. Nilikuwa nakuonea huruma."

Nilimwegemea nikalia kwa sauti, kilio ambacho sikukilia Januari wala Machi, na yeye akalia, akawa ananipiga mgongoni polepole kama anayebembeleza mtoto mchanga. Miezi yote hii kila mmoja wetu alikuwa anamfichia mwenzake maiti ile ile.

Nilioga. Akanipaka wanja yeye mwenyewe, jicho la kushoto likaharibika, tukaliacha hivyo. Nikamsimulia yote ya Jonasi, tangu kubishana mpaka kuitika mara moja. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliposikia kwamba Masudi alimshusha mtoto wa watu akapanda yeye, akafumba macho.

"Huyo Jonasi ana mama?"

"Anaye. Yuko Nakonde."

"Basi kampelekee picha yake. Mtoto wake alifika huko na akarudi, aitundike kwake. Wangu hayumo humo."

Jioni nimeitoa ukutani. Kesho nitavuka nayo mpaka. Msumari tumeuacha, na Bi Pili ametundika saa.